Mtoto Akihamia kwa Nyanyake, Fungu Lake Hubaki Wapi?

Hotuba kwa walezi, wazee wa mtaa na viongozi wa dini, Malindi

Assalaam alaykum. Bwana asifiwe. Na nyinyi mliobaki nje chini ya mwarobaini kwa kuwa viti vimekwisha, hamjambo? Nitajitahidi kupaza sauti, maana hiki kipaza sauti kimeshaanza kukoroma.

Mheshimiwa mwakilishi wa wadi, chifu wetu, maimamu na wachungaji, wazee wa mtaa, mama zangu wa vyama, na zaidi ya wote walezi wenyewe: kina nyanya na babu, shangazi, khalati, ami na wajomba, na wale kaka na dada walioacha shule ili wadogo zao wasome. Nimeombwa niseme machache juu ya jamaa wanaolea watoto ambao si wa kuwazaa. Walionitangulia wamesema maneno mazuri. Kina nyanya wamesifiwa hadi nimewaona wengine wakifuta machozi kwa pembe ya leso.

Mimi sitawasifu. Nimefundisha shule za msingi tangu ujana hadi kustaafu, Mambrui, Gede, Ganda na hapa mjini, na miaka yote hiyo tuliambiwa kazi ya ualimu ni wito. Kila tulipodai nyongeza ya mshahara, tuliongezewa wito. Kwa hiyo nikisikia mtu anasifiwa sana kwa moyo wake wa huruma, nauliza kwanza: je, kuna mtu hapa anakwepa kulipa?

Basi leo nitazungumza habari ya pesa. Najua si adabu kutaja pesa pale anapotajwa mtoto wa mwanao. Niwieni radhi, nitazitaja.

Kwanza tuangalie watoto hawa wanatoka wapi. Kizazi changu kilizoea kudhani kwamba mtoto anayekaa kwa nyanyake ni yatima. Ukimwi ulitufundisha hivyo. Tulizika watu wa miaka thelathini na kitu, jioni watoto wao wakabebwa na mizigo yao kupelekwa kwa wazee. Siku hizi ukimwuliza mtoto darasani mama yuko wapi, anajibu "Saudia", tena kwa sauti kubwa, kana kwamba amekuambia yuko sokoni. Mwingine mama yake yumo katika shule hiyo hiyo, madarasa machache mbele, amejifungua akarudi kusoma, na mtoto ameachwa kwa bibi. Hilo la kurudi shule ni jambo jema, nalisimamia, lakini tusijifanye hatujui nani amelishika gogo upande wa pili. Mwingine baba alikuwa mhudumu wa hoteli. Mwaka 2020 watalii wa Italia walipoacha kuja, hoteli ikafunga lango, baba akaenda Mombasa kutafuta kazi, akapata mke. Mwingine mama ameolewa tena na mume mpya hataki kulisha mtoto wa mtu. Mwingine wazazi wote wawili wapo, wako kwenye mashamba ya chumvi huko Gongoni na Marereni, wanalipwa kwa kibarua, na mahali wanapolala hapafai mtoto.

Katika orodha hiyo ni kifo peke yake ambacho huweza kumfika tajiri na maskini sawasawa. Na hata kifo, mama mjamzito anapotokwa na damu usiku kule Marafa na hakuna nauli ya gari, mimi sijui tukiandike upande gani.

Kwa hiyo ufukara ndio unaomtoa mtoto kwa mzazi. Hiyo nusu ya kwanza watu wanaijua. Nusu ya pili haisemwi: mtoto akishafika, ufukara unamfuata yule aliyempokea.

Nitawaeleza habari ya mama mmoja wa Muyeye, jina nalificha. Alikuwa akikaanga mahamri na kupika mbaazi za asubuhi, na biashara ilikuwa ikienda. Si tajiri, lakini alikuwa hakopi. Bintiye akaondoka, wajukuu watatu wakaletwa, mdogo bado ananyonya chupa. Tazameni mambo yalivyokwenda. Saa ya kuuza ndiyo saa ya kuwaogesha na kuwapeleka shule, kwa hiyo wateja wa alfajiri wakahamia kwa jirani. Mtoto akiugua homa, siku mbili meza haipangwi. Unga wa biashara ukaanza kupikwa ndani, kwa sababu hakuna nyanya atakayekaanga mahamri ya kuuza huku wajukuu wanamtazama. Mtaji ukaliwa. Akachelewesha mchango wa chama mara moja, mara mbili, wenzake wakamvumilia, kisha wakamwambia kwa upole apumzike kidogo. Alipotoka kwenye chama akakosa pa kukopa. Makuti ya paa yakachakaa, msimu wa kubadilisha ukampita. Karo na sare za shule zilipodaiwa akaweka minazi yake rehani. Nanyi mnajua mnazi ukiwekwa rehani: umesimama shambani kwako, unaufagilia majani, na nazi zinaangushwa na mwingine.

Mama huyu hakuwa mlevi, hakucheza kamari, wala hakufanya uzembe. Alifungua mlango tu. Tukienda kwake leo na daftari la utafiti tutaandika "familia maskini inalea watoto", kana kwamba umaskini ulikuwepo hapo tangu dunia iumbwe. Ulikuja na mkoba wa nguo za watoto.

Na asione mtu kwamba ni jambo la Pwani au la Afrika. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol walichambua sensa ya mwaka 2011 ya Uingereza, wakakuta katika England peke yake watoto zaidi ya 150,000 wanalelewa na jamaa, nusu yao na babu na bibi zao, na takriban robo tatu ya watoto hao wako kwenye nyumba zenye ufukara wa namna moja au nyingine. Uingereza! Nchi yenye posho za watoto na hospitali za bure. Wenzetu wa huko wanalalamika jambo lile lile: anayelea mtoto wa watu baki aliyekabidhiwa na serikali analipwa posho, anayelea damu yake anaambiwa ahsante.

Marekani walilipeleka jambo hili mahakamani. Katika jimbo la Illinois mwanamke alichukua wadogo zake wawili waliokuwa wakilelewa na watu baki. Walipokuwa kwa watu baki, jimbo lilitoa posho kamili ya ulezi. Walipohamia kwa dada yao, posho ile ikakatwa kwa sababu yeye ni jamaa. Kesi hiyo, Miller dhidi ya Youakim, ilifika Mahakama ya Juu ya nchi ile, na mwaka 1979 majaji wakaamua kwamba udugu si sababu ya kumnyima mlezi posho hiyo ikiwa ametimiza masharti yale yale. Sisemi tuige kila kitu cha Marekani. Nasema swali hili limeulizwa na majaji, wala si maneno ya kina mama wenye tamaa.

Sasa turudi hapa. Serikali yetu haijakaa bure. Tangu mwaka 2004 kuna mpango wa fedha kwa mayatima na watoto walio katika hatari, na leo umo ndani ya Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa fedha wasiojiweza. Nyumba iliyoandikishwa inapata shilingi 2,000 kwa mwezi. Umeokoa watu, na anayeudharau hajawahi kulala njaa. Lakini angalieni unavyohesabiwa. Ni 2,000 kwa nyumba. Ukilea mmoja, 2,000. Ukilea sita, 2,000. Kwa watoto sita kila mmoja anapata kama shilingi kumi na moja kwa siku, na kwa bei ya leo hiyo ni hamri moja, ya pili utie lako. Kiwango hicho kimesimama hapo kwa zaidi ya miaka kumi, na mafuta ya kupikia hayakusimama kukisubiri. Ndiyo kusema kila mtoto anayeongezeka anapunguza fungu la wenzake. Shangazi anayechukua ndugu wote watano ili wasitenganishwe anaadhibiwa kwa wema wake, na yule mwenye busara ya hesabu atachukua mmoja na wengine wagawanywe. Sitaki kuamini kwamba aliyeandika kanuni hiyo alikusudia hivyo, lakini ndivyo inavyofanya kazi.

Mtaniambia, mbona kuna pesa za wazee? Zipo, nazo ni 2,000 kwa aliyetimiza miaka sabini. Sasa nawaomba kina nyanya mlio hapa ambao hamjafika sabini mnyooshe mikono. Haya, chifu ageuke aangalie. Wengi wenu mlizaa mkiwa wasichana, binti zenu nao wakazaa mapema. Mtu ana miaka hamsini na mbili, ana wajukuu watano mgongoni, na kwenye vitabu vya serikali bado ni kijana wa kujitafutia. Na yule aliyefika sabini, pesa yake ya uzee haijawahi kuwa ya uzee. Ni penseli na viatu vya shule.

Kuna mahali pengine ambapo fedha za watoto zipo, na hapa naomba nisieleweke vibaya. Ni vituo vya watoto. Malindi na Watamu tunavifahamu. Vingi vimejengwa kwa fedha za wafadhili kutoka Ulaya, hasa Italia, na ndani yake wamo watu wenye roho safi ambao wameokota watoto ambao sisi majirani tuliwapita. Siwapigi vita. Lakini kila aliyefanya kazi hii anajua kwamba wengi wa watoto walioko vituoni si kwamba hawana mtu. Wana nyanya, wana ami, wengine wana mama. Nimemwona mlezi akimwombea mjukuu wake nafasi kituoni, wala hakuwa amemchoka. Alisema, "Mwalimu, kule kuna kitanda, kuna sare, karo inalipwa. Kwangu kuna mimi tu."

Tafakarini maneno hayo. Mtoto akivuka kizingiti cha kituo, fedha zinamfuata, tena kutoka ng'ambo. Akirudi kwa nyanyake, zinabaki kule kule kwenye kizingiti. Umoja wa Mataifa ulipopitisha mwongozo wake wa malezi mbadala mwaka 2009 ulisema wazi kwamba umaskini peke yake haupaswi kuwa sababu ya kumtoa mtoto kwa wazazi wake. Sisi tunamtoa kwa sababu hiyo hiyo, ila tunamtoa kwa ukimya, bila amri ya mtu yeyote, kwa kupanga tu fedha ziende wapi.

Na jambo hili sasa ni la haraka. Mwezi wa Novemba 2017 serikali ilisimamisha usajili wa vituo vipya vya watoto. Sheria ya Watoto ya 2022 inautambua ulezi wa jamaa, na kwa Waislamu inautambua ulezi wa kafala, yaani kumpokea na kumlea mtoto bila kumbadilishia nasaba. Mwaka huo huo ukazinduliwa mkakati wa kitaifa wa kubadilisha malezi, wa kutoka 2022 hadi 2032, ambao nia yake ni watoto watoke vituoni warudi katika familia. Naunga mkono kwa mikono miwili. Mtoto aliyekulia kituoni anatoka na cheti cha shule, lakini hajui mazishi ya kwao yanafanyika wapi wala nani atasimama naye siku ya posa.

Ila nauliza: anaporudishwa, anarudi na nini? Tukimrudisha na mfuko wa nguo na blanketi moja, tukapiga picha, tukaondoka, tutakuwa tumeuhamisha umaskini kutoka kwa mfadhili wa Milano hadi kwa mwuza mahamri wa Muyeye. Huo ndio ujumbe wangu mmoja leo, na yote mengine niliyosema na nitakayosema yanauzunguka: fungu la mtoto limfuate mtoto. Lisifuate jengo.

Serikali inajua kufanya hivyo. Shule ya msingi ya umma hupangiwa shilingi 1,420 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi. Mtoto akihama kutoka Kakuyuni kuja Malindi mjini, hesabu yake inahama naye. Hakuna anayemwambia mwalimu mkuu, "Wewe unawapenda watoto, kwa hiyo wafundishe bure." Kama inawezekana kwa dawati, inawezekana kwa sahani.

Najua kuna mzee hapa anasubiri nimalize aniambie kwamba kulea jamaa ni wajibu, na wajibu haulipwi. Mzee wangu, shikamoo. Naomba tukumbushane sira. Mtume Muhammad, rehema na amani zimshukie, alizaliwa baba yake ameshafariki. Alipokuwa na miaka sita mama yake Amina akafariki. Akachukuliwa na babu yake Abdul-Muttalib, na baada ya miaka miwili babu naye akaondoka. Akaenda kwa ami yake Abu Talib, mtu mwenye heshima kubwa Makka, lakini mali hakuwa nayo, na watoto alikuwa nao wengi. Abu Talib hakusema nyumba imejaa.

Sehemu hiyo tunaisikia kila Maulidi. Inayofuata tunaipita haraka. Miaka ikapita, Makka ikapigwa na ukame, na Abu Talib akaelemewa na watoto wake. Mtume akiwa sasa ni mtu mzima mwenye nyumba yake, alikwenda kwa ami yake mwingine, Abbas, aliyekuwa na uwezo, akamwambia twende tukampunguzie mzigo ndugu yako. Wakaenda wote wawili. Abbas akamchukua Jaafar, na Mtume akamchukua Ali.

Hakwenda kumsomea kasida ya shukrani. Alikwenda na mtu mwenye uwezo, wakaubeba mzigo kwa mikono. Na Abu Talib hakuona kwamba amevunjiwa heshima kwa kusaidiwa. Wakristo nanyi mna Esta, binti aliyefiwa na baba na mama akalelewa na binamu yake Mordekai. Dini zetu zote zinamjua mtoto anayelelewa na jamaa. Lililobaki ni misikiti na makanisa yetu kumjua Abbas ni nani katika jamaa ile. Zaka inatolewa hapa kila mwaka. Sadaka inakusanywa kila Jumapili. Nyumba inayolea watoto wa marehemu ipo mlango wa pili kutoka msikitini, na futari tunapeleka mara moja, mwezi wa Ramadhani, basi.

Nimewatetea walezi, sasa nitawasema. Si kila mtoto anayeitwa "analelewa kwa shangazi" analelewa. Wengine ni watumishi wasiolipwa. Msichana analetwa mjini kutoka Goshi au Baricho kwa ahadi ya shule, ukipita saa nne asubuhi unamkuta anaosha sufuria na watoto wa nyumba wako darasani. Ukiuliza unaambiwa, "Ni mtoto wa kaka yangu huyu, nyumbani ni nyumbani." Udugu usiwe pazia. Mtoto anayekaa kwako na hasomi, mimi nitapiga simu 116, ile ya kuwasaidia watoto, haina malipo, na nitataja jina lako.

Na kuna ami ambao hupokea yatima kwa mkono mmoja na hati ya shamba kwa mkono mwingine. Mtoto anafika miaka kumi na minane, anauliza, "Shamba la baba liko wapi?" Anaambiwa liliuzwa kwa ajili ya karo yake. Karo gani, na yeye aliachia darasa la sita?

Hili la shamba lina upande wa kutisha zaidi. Kilifi nzima tunajua habari za wazee wanaouawa kwa kusingiziwa uchawi, na tunajua kwamba nyuma ya nyingi ya shutuma hizo pana ugomvi wa ardhi. Kule Kaya Godoma, Ganze, wazee wamekimbilia hifadhi kuokoa roho zao. Tunapohesabu waliouawa tunahesabu wazee. Hatuhesabu wajukuu. Mvi zile zilikuwa zinalea watoto, na siku ile nyumba inapochomwa watoto wale wanafiwa na mzazi kwa mara ya pili, mara hii kwa mkono wa jamaa yao. Viongozi wanaozungumza habari ya kuwarudisha watoto kwa familia waanze na usalama wa wazee hao. Vinginevyo wanawarudisha kwa nani?

Sasa makaratasi. Najua yanachosha, lakini umaskini mwingi wa walezi umefungwa humo. Mtoto hana cheti cha kuzaliwa, basi shule inashindwa kuliingiza jina lake kwenye mtandao wa wizara, basi zile 1,420 hazimhesabu, basari haimhusu, na mtihani wa kitaifa ukikaribia mwalimu mkuu anaanza kumwita nyanya ofisini. Nyanya anakwenda kwa chifu, chifu anamwambia lete kitambulisho cha mama. Mama yuko Riyadh na kitambulisho chake kiko kwenye sanduku ambalo ufunguo wake hakuna anayejua uliko. Watu wanakata tamaa hapo.

Kina dada mnaosafiri kwenda Ghuba, na wengine mmekuja leo kusubiri safari, siwazuii. Ningekuwa na umri wenu na shida zenu pengine ningekuwa uwanja wa ndege. Lakini kabla ya kupanda ndege mwachie mama yako cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto, si nakala tu. Mwachie nakala ya kitambulisho chako, na kadi za kliniki. Nendeni mbele ya wakili au kamishna wa viapo, mwandike hati kwamba umemkabidhi mama yako, kwa jina na nambari ya kitambulisho, malezi ya watoto fulani na fulani ukiwa nje. Na pesa ya watoto itume kwa anayewalisha. Nimeona pesa zinapitia kwa kaka, kaka anajenga nyumba ya dada yake na nyingine yake mwenyewe, na mama mzazi anakopa unga dukani kwa kulisha watoto wa mwenye nyumba.

Akina baba, nanyi msitoke nje kuvuta sigara sasa. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inasema mtoto ana haki ya kutunzwa na wazazi wote wawili, baba na mama sawa, wawe wameoana au hawakuoana. Kumwacha mtoto kwa mama wa msichana uliyempa mimba hakufuti jina lako. Na nyanya anayekaa na mtoto huyo asidhani mlango wa kudai matunzo ni wa mama peke yake. Mlezi anayemtunza mtoto anaweza kwenda ofisi ya watoto, baba akaitwa wakakaa chini kwanza, na ikishindikana jambo likafika Mahakama ya Watoto. Wengi wanamaliza ofisini, maana baba wa mjini anaogopa barua kuliko anavyoogopa Mungu.

Mheshimiwa, naona unatazama saa, kwa hiyo haya ni yako na wenzako.

Fomu za basari zinazopitia kwenu bado zina sehemu ya sahihi ya "mzazi", na karani akimwona nyanya anamrudisha. Barua ya chifu inayomtaja mlezi itoshe. Mpango wa Inua Jamii ni wa serikali kuu, tunajua, si wa kaunti, lakini mna wabunge mnaokaa nao meza moja: waambieni nyumba yenye watoto watano si sawa na nyumba yenye mtoto mmoja. Kaunti yenyewe iwe na orodha ya nyumba zinazolea watoto wa jamaa, kijiji kwa kijiji. Wazee wa mtaa wanazijua zote, hakuna haja ya kuleta mtaalamu kutoka Nairobi alale hoteli ya ufukweni wiki mbili.

Wenye vituo na marafiki zao wa Italia, kwa heshima: yule mfadhili anayelipia kitanda kimoja kituoni, mwombeni alipie mtoto huyo huyo akiwa kwa shangazi yake. Picha mtampelekea vile vile. Ada ya shule, bima ya afya ya nyumba nzima, mtaji wa kumrudisha mlezi kwenye meza yake ya biashara. Kwa yale matumizi ya mlinzi, mpishi, dereva na umeme wa jengo, mngeshangaa ni nyumba ngapi zingesimama.

Na sisi wa vyama, tujitazame. Yule mwenzetu tuliyemwambia apumzike kidogo alipoletewa wajukuu, tumrudishe. Chama kinaweza kuandika kwenye kanuni zake kwamba mwanachama aliyepokea watoto wa jamaa ana muhula wa kupumua, achange nusu au achelewe, na zamu yake isiguswe. Minazi iliyowekwa rehani, chama kikiweza, kiikomboe kabla ya kununua mahema na viti vya kukodisha harusini. Viti vitasubiri.

Nimekaa sana hapa mbele. Tutakula chakula, kisha waliokuja na watoto wasio na vyeti wasiondoke. Pale upande wa kushoto, karibu na mtungi wa maji, yuko kijana mwenye daftari la buluu. Mpeni jina la mtoto, mwaka wa kuzaliwa hata kama ni wa kukisia, jina la mama, na mahali alipozaliwa, hospitali au nyumbani. Aliyezaliwa nyumbani, mtajeni mkunga kama yuko hai, au jirani aliyekuwepo. Mwenye kadi ya kliniki, hata iliyoraruka, ailete. Jumatatu tutakwenda pamoja ofisi ya usajili wa vizazi, tukutane stendi saa mbili asubuhi, na nauli ya kina nyanya mheshimiwa amekubali kuitoa. Amekubali sasa hivi, kwa kichwa, nyote mmemwona.